Ubeti wa tamati usikatwe: tuwaenzi washairi wanaowatungia watoto na vijana

MwalimuWaKikuyu aliandika:

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Kikuyu, hapa Dodoma. Nilifundisha Kiswahili katika shule za msingi za mkoa huu kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na jambo ninalolileta mbele yenu limeninyima utulivu tangu Ijumaa iliyopita, nilipoalikwa kwenye mahafali ya darasa la saba katika shule moja ya pembezoni mwa jiji.

Wanafunzi sita walisimama chini ya turubai, watatu wakielekeana na watatu, wakaghani ngonjera ya mtoto na mbuyu. Kabla ubeti wa kwanza haujaisha nilikwisha kumtambua mtunzi, kwa kuwa mimi na yeye tulikaa chumba kimoja cha walimu kwa miaka minane, na nilikuwapo siku alipoitunga, akiandika kwa penseli kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la maandalio na kuhesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo, kwa kugongagonga meza kwa vidole. Kundi la kwanza liliuliza hivi:

Mbuyu, umesimama,
Miaka hujainama,
Usiku ukitazama,
Waiona nyota gani?

Kundi la pili, ambalo ndilo mbuyu, likajibu:

Mwanangu, naona moja,
Kila usiku yangoja,
Hata wingu likivuja,
Haikosi kileleni.

Mvulana mmoja, mdogo kuliko wenzake wote, aliinua macho kwenye neno "nyota" kana kwamba mbuyu wenyewe uko mbele yake, na wazazi waliokuwa wakinong'ona wakanyamaza. Mgeni rasmi alifurahi, akainuka na kuwatunza watoto wale noti mojamoja, na mshereheshaji akatangaza kwamba hiyo ilikuwa ngonjera kutoka kwa vijana wetu wa darasa la sita. Mtunzi alikuwa ameketi safu ya nyuma kabisa, kwenye kiti cha plastiki, karibu na masufuria ya pilau. Hakuna aliyemtaja.

Ngonjera ile ina beti tisa, nami nilihesabu nane. Ubeti wa tisa ndio wenye jina lake na kijiji chake. Nilipomuuliza umekwenda wapi, alinijibu kwamba mwalimu aliyesimamia mazoezi aliuondoa, kwa kuwa ratiba ilikuwa imebana na ubeti ule ulionekana hauna ujumbe. Alinieleza hayo kwa upole na bila kinyongo, na upole ule ndio ulioniumiza.

Wanaoujua ushairi wetu wanafahamu kazi ya ubeti wa tamati. Malenga hufunga shairi kwa kujitaja, na mara nyingi hutaja na mahali anapotoka, kwa sababu shairi la Kiswahili liliishi midomoni kabla ya kuishi vitabuni, na kitu kinachosafiri kwa mdomo humpoteza mwenyewe upesi. Mtu mzima akighani shairi la mtu mzima mwenziwe humtaja aliyelitunga, hata kama ni kwa kusema tu "kama alivyosema malenga fulani". Shairi la watoto ndilo peke yake tunaloliacha litembee bila baba wala mama.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Dodoma kuliko watu wengine. Mathias Mnyampala, mtu aliyeipa ngonjera umbo ambalo shule zote za nchi hii zinalitumia hadi leo, ni mtoto wa Ihumwa, aliyezaliwa mwaka 1917. Alikuwa hakimu, aliandika historia ya Wagogo, alitunga tenzi na mashairi ya kila namna, na aliongoza UKUTA, yaani Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipowataka washairi waende kuwaeleza wananchi siasa ya nchi yao, Mnyampala alichagua ushairi wa kujibizana, ambao mmoja hubisha, mwingine hueleza, na mwisho wote wawili hukubaliana. Alifariki mwaka 1969. Vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971, yeye akiwa kaburini, na vikaingia madarasani moja kwa moja. Leo daladala za kwenda Mji wa Serikali, Mtumba, zinapita barabara hiyohiyo ya Ihumwa zikiwa zimejaa watu ambao karibu wote waliwahi kusimama mstarini wakaghani ngonjera wakiwa na miaka kumi. Ukiwauliza nani aliyeianzisha, wengi watakwambia ilikuwapo tu.

Wala ushairi wa kumwambia kijana jambo haukuanza na sisi. Mwana Kupona binti Mshamu, malenga wa Pate, alitunga utendi wake mwaka 1858, mwenyewe akiwa mgonjwa, ili amwachie binti yake, Mwana Hashima, maneno ya kushika. Binti yule alikuwa bado kijana mbichi. Tunausoma utendi ule wenye beti 102 kama hazina ya lugha, na ni haki yake, lakini aliyekusudiwa alikuwa msichana mmoja aliyeketi karibu na kitanda cha mama yake. Unaweza kutokubaliana na baadhi ya mafunzo yake kuhusu mume na mke, kama mimi nisivyokubaliana nayo, na bado ukaona kwamba moja ya tungo zetu kubwa kuliko zote iliandikwa kwa ajili ya msomaji wa umri huo.

Kuna wanaodhani kumtungia mtoto ni kazi ndogo, ya kupumzikia baada ya kutunga mashairi ya wakubwa. Nimejaribu mwenyewe, na nimeshindwa mara nyingi. Mshororo wa mizani 16 ukimpa mtoto wa darasa la pili, pumzi yake inakatika mahali pasipo kituo, na maana inakatika pamoja nayo. Kwa hiyo mtunzi hurudi kwenye mizani nane, au pungufu, na ndani ya mizani hizo nane hakuna pa kufichia neno la kujazia. Mshairi wa wakubwa akikosa kina anaweza kuazima neno la kale au la Kiamu, lahaja ya Lamu, na msomaji akamheshimu zaidi kwa kutolielewa. Mtoto hamheshimu mtu kwa sababu hiyo. Neno likimpita, huligeuza akaweka lake, na siku ya sherehe utalisikia shairi lako likiwa na kitu kingine kabisa.

Nchi nyingine zimeliona hili na zikatafuta namna ya kuwaheshimu watu hawa. Nchini Marekani, chama cha walimu wa lugha kilianzisha mwaka 1977 tuzo ya mshairi wa watoto, na wa kwanza kuipokea alikuwa David McCord. Chanzo chake kinagusa: ilianzishwa kwa kumbukumbu ya mtoto wa kiume wa mwalimu mmoja wa chuo kikuu, aliyefariki akiwa bado mdogo. Tuzo hiyo haipewi kitabu kimoja, bali mshairi aliye hai, kwa kazi yake yote aliyowatungia watoto wa miaka 3 hadi 13. Mwaka 2006 taasisi ya ushairi ya mjini Chicago nayo ikaanza kumteua mshairi maalumu wa watoto, Jack Prelutsky akiwa wa kwanza. Ninalolipenda katika mpango wa kwanza ni yale maneno mawili, "aliye hai" na "kazi yake yote".

Hapa kwetu tuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu. Ninaishukuru kwa dhati. Ilianza na riwaya na ushairi, kisha zikaongezwa hadithi za watoto. Tazameni sasa mahali anapoangukia rafiki yangu: akipeleka ngonjera zake kwenye ushairi, atapimwa pamoja na diwani za wakubwa, na akizipeleka upande wa watoto, ataambiwa panatakiwa hadithi. Anakaa katikati ya viti viwili, na chini ni sakafu.

Ombi langu la kwanza ni dogo, na halihitaji bajeti wala kamati: ubeti wa tamati usikatwe. Mshereheshaji amtaje mtunzi kabla watoto hawajaanza. Naomba mawazo yenu kuhusu mengine.

MkutubiWaAreaD aliandika:

Shikamoo, Mwalimu. Nimefanya kazi maktabani kwa miaka kumi na mbili, na ninaweza kukuthibitishia kwamba ugonjwa huu umefika hadi kwenye karatasi. Katika vitabu vya kusomea vya madarasa ya chini ambavyo vimepita mikononi mwangu, mara nyingi hadithi ina jina la mwandishi, lakini shairi lililowekwa mwishoni mwa sura, lile ambalo watoto hulikariri na kulibeba hadi uzeeni, halina jina lolote. Mtoto akija kuniuliza, "Nani aliandika hili?", na huwa wanauliza, sina la kumjibu.

Kuna jambo jingine. Diwani ya watoto ni kitabu chembamba, na kitabu chembamba hakina mgongo wa kuandikwa jina. Kikishapangwa rafuni kinamezwa kabisa, mtu hakioni mpaka akivute. Mwaka jana niliamua kuvitoa vyote nikavilaza juu ya meza ya chini, kurasa za mbele zikitazama juu, na watoto wakaanza kuvichukua wenyewe. Kabla sijafikiria tuzo, ningependa vitabu hivi vionekane.

BintiKongwa aliandika:

Shikamoo, Mwalimu. Nasoma mwaka wa pili hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, na nimesoma andiko lako lote mara mbili. Ningependa kuwasemea wenye miaka 14 hadi 17, kwa sababu mjadala huu ukianza kwa watoto huishia kwa watoto, na vijana husahauliwa katikati ya njia.

Nilipokuwa kidato cha tatu na cha nne tulisoma Wasakatonge, Malenga Wapya na Mashairi ya Chekacheka, kama walivyosoma waliotutangulia kwa miaka mingi. Ni diwani nzuri, na baadhi ya mashairi yake bado ninayajua kwa moyo. Lakini hayakutungwa kwa ajili yetu. Yanazungumza na mtu mzima kuhusu nchi, kazi, dhuluma na uongozi, nasi tuliyapokea kama maiti ya kupasuliwa: taja dhamira, taja tamathali za semi, toa mifano miwili. Hakuna shairi hata moja nililokabidhiwa shuleni lililozungumzia kulala bwenini kwa mara ya kwanza huku ukilia chini ya shuka, au kuona damu ya kwanza ukiwa darasani, au kuyafungua matokeo kwenye simu ya mjomba huku ukoo mzima ukikutazama usoni. Mashairi ya namna hiyo tuliyapata kwenye nyimbo za kufokafoka, kwa wasanii ambao walimu wetu walituzuia kuwasikiliza. Wale nao wana vina, Mwalimu, na wengine wana mizani. Nikiulizwa leo nani alinitungia nikiwa na miaka kumi na tano, nitawataja hao kwanza.

ZezeLaUgogo aliandika:

Mimi ningerudi nyuma zaidi ya hapo. Kabla mtoto wa Kigogo hajaghani ngonjera yoyote kwa Kiswahili, amekwisha kubembelezwa kwa Cigogo mgongoni mwa bibi, na amewasikia kina mama wakipiga ngoma ya muheme na kuimba maneno ambayo nusu yake ni mafunzo ya wali wapya, wasichana wanaofundwa, na nusu ni masimulizi ya njaa na mvua. Wale bibi ni washairi wa watoto kwa maana kamili ya neno, na hawana hata daftari la maandalio la kuandikia ukurasa wa mwisho. Kama tunatafuta watu wa kuenziwa tukiishia kwa wenye kalamu, tutakuwa tumewapita wengi. Nashauri atafutwe mtu wa kurekodi, na jina la kila bibi litamkwe na yeye mwenyewe mwanzoni mwa kila rekodi.

MzaziWaNkuhungu aliandika:

Naomba nitofautiane kidogo, kwa heshima. Jina ni jambo zuri, lakini jina haliliwi. Mwalimu anayetunga ngonjera sita kwa mwaka, za mahafali, za Siku ya Mtoto wa Afrika, za wageni wa halmashauri, anafanya kazi ya ziada usiku kwa taa yake mwenyewe. Fundi wa turubai analipwa, mpishi wa pilau analipwa, mwenye spika analipwa, na mshereheshaji naye analipwa. Kwa nini mtunzi peke yake atosheke na kutajwa? Mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Nyerere hupata shilingi milioni 10, nami nasema ni haki, kwa kuwa heshima isiyogharimu kitu watu huisahau kesho yake.

MwalimuWaKikuyu aliandika:

Marahaba, wanangu, nimewasoma wote na nimekaa na maneno yenu siku mbili kabla ya kujibu.

Ndugu wa Nkuhungu, sina ubishi nawe. Kamati ya mahafali ikiweza kumlipa mwenye spika, iweze na kumlipa mtunzi, na kiasi kiandikwe kwenye bajeti kwa jina la kazi hiyo, si kwa jina la "mengineyo". Nililitanguliza jina kwa sababu mtu asiyejulikana hata akitafutwa ili alipwe hapatikani. Mkutubi ametuonyesha hilo: mtoto anauliza nani, na hakuna wa kumjibu.

Ndugu mwenye Zeze, umenikosoa mahali panapostahili. Bibi yangu mzaa mama alinilaza kwa wimbo wa Cigogo ambao leo ninakumbuka sauti yake tu, maneno yameshapotea, na sikuwahi kumuuliza kama ni wake au aliupokea kwa mwingine. Wazo lako la rekodi lianze haraka, maana wanaojua ni wazee.

Binti wa Kongwa, kwako ndiko nilikokaa zaidi. Ni kweli kwamba nilizuia nyimbo zile darasani, na nilizizuia kwa sababu ya maneno mawili matatu ya matusi, bila kusikiliza yaliyobaki. Baada ya kukusoma nilimwomba mjukuu wangu wa kidato cha pili anichezee wimbo anaoupenda, nikauhesabu mizani kwa vidole, na mishororo mingi ilitimia. Bado nasimama kwenye jambo moja: kijana anahitaji pia shairi analoweza kulisoma kimya, peke yake, bila mdundo wa kumsukuma, kuhusu mambo uliyoyataja. Atakayetunga shairi la bwenini na la matokeo kwenye simu ya mjomba bila kuhubiri, huyo nitamtafuta mimi mwenyewe nimpe mkono. Huenda ni wewe.

Nina pendekezo la kuongeza kwenye lile la kwanza. Tarehe 16 Juni kila mwaka ni Siku ya Mtoto wa Afrika, tunapowakumbuka wanafunzi wa Soweto waliouawa mwaka 1976, na karibu kila shule huandaa ngonjera siku hiyo. Sisi wa Dodoma tuitumie kumwenzi mshairi mmoja aliye hai anayewatungia watoto au vijana, kwa kazi yake yote, awe na kitabu au asiwe nacho. Iwe Ihumwa ikiwezekana, mahali alipozaliwa Mnyampala. Aketi mbele. Watoto waghani tungo zake tatu au nne mpaka ubeti wa mwisho, kisha tungo zake zote zilizopatikana zipigwe chapa kwenye kijitabu, nakala moja ibaki kwa mkutubi wetu, juu ya ile meza ya chini. Gharama yake haizidi ya turubai na pilau.

MkutubiWaAreaD aliandika:

Meza ipo. Nipeni vitabu.

BintiKongwa aliandika:

Mwalimu, nimeanza la bwenini. Lina beti tatu mpaka sasa, na halina mahubiri. Likikamilika nitakuletea ulihesabu.

MwalimuWaKikuyu aliandika:

Ndugu zangu, narudi na taarifa fupi. Jana nilichukua bodaboda hadi kwa rafiki yangu nikiwa na kaunta buku jipya, nikamkuta anapalilia zabibu. Tulikaa kivulini tangu saa nne hadi adhuhuri, na alinitamkia ngonjera kumi na saba kwa kichwa, bila kushika karatasi, akisimama mara moja moja kurekebisha mizani. Mbili hakumbuki mwisho wake. Ukurasa ule wa penseli ulitupwa pamoja na daftari, shule ilipohamisha ofisi.

Ubeti wa tisa wa mbuyu aliutamka mwisho kabisa, na ameniruhusu niwaandikie mishororo yake mitatu:

Tamati nimefikia,
Mbuyu nauachia,
Watoto wa kusikia,

Mshororo wa nne una jina lake na kijiji chake, mizani nane, na kina cha bahari, yaani kile cha mwisho wa ubeti, kinatua kwenye "ni" kama beti zote. Nilipomwomba niuweke hapa alikataa. Mwalimu mkuu wa shule ile amekwisha kukubali kwamba muhula ujao ngonjera itaghaniwa beti zote tisa, na rafiki yangu anataka watoto wawe wa kwanza kuutamka mshororo huo.